Muhula wa Programu

Katika duka moja la steshenari lililopo Mfaranyaki, mjini Songea, ambamo picha za pasipoti hupigwa, barua za maombi ya kazi huchapwa na kompyuta zilizoharibika huletwa kutengenezwa, nilimsikia siku moja, mwishoni mwa mwaka 2025, fundi kijana akimwuliza mwalimu wa sekondari, mama wa makamo aliyeweka mezani kompyuta mpakato ambayo bawaba yake ilikuwa imezungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, swali ambalo mafundi wa kazi ile huliuliza kila siku: "Nikupigie window ipi, Mwalimu, kumi au kumi na moja?" Mwalimu alifikiri kitambo, kisha akasema, "Wewe ndiye fundi, mwanangu. Mimi nipigie ile itakayokaa."

Fundi alicheka kwa adabu, akachomeka flashi, akaanza kazi. Lakini neno lile la mwalimu, itakayokaa, lilinifuata hadi nyumbani, kwa kuwa lilibeba mas'ala yote ambayo wataalamu huyajadili kwa istilahi nyingi: programu hutolewa lini, hutunzwa kwa muda gani, nani huidhamini, na huwekwaje katika mashine isije ikamwaibisha mwenyewe. Aghalabu watu huulizana kama toleo ni jipya au ni la kale, ilhali upya ni sifa ya siku chache. Swali lenye uzito ni la muhula, yaani toleo hili litakuwa chini ya ulinzi wa walioliunda hata lini, na siku muhula huo utakapotimia mwenye mashine atakuwa amejiandaa kwa lipi.

Neno toleo tumelirithi kwa wapiga chapa, nao watu wa Ruvuma wanawajua wapiga chapa kwa karibu, maana Peramiho, mwendo mfupi kutoka Songea, Wabenediktini waliofungua misheni yao mwaka 1898 walijenga baadaye mtambo wa chapa ambao vitabu vyake vilifika mbali. Kitabu kikishatoka mtamboni kimetoka. Makosa yake hukaa rafuni pamoja nacho mpaka toleo la pili, na herufi iliyopotoka katika ukurasa wa 40 haimfungulii mwivi mlango. Programu nayo hutoka kwa matoleo, lakini hairuhusiwi kutulia rafuni: kila baada ya siku chache hugunduliwa ndani yake kasoro ambazo waandishi wake hawakuziona, na baadhi ya kasoro hizo ni milango ambayo mtu aliye mbali, asiyejua hata Songea iko upande gani wa dunia, aweza kuiingilia. Kwa hiyo apokeaye programu hapokei kitu kilichotimia, bali hupokea kitu pamoja na ahadi kwamba kitaendelea kutiwa viraka. Na ahadi hiyo, mfano wa ahadi zote, ina mwanzo na ina mwisho.

Namna za kutoa matoleo ni tatu, nazo hutofautiana hasa kwa jambo moja, nani mwenye kuamua siku. Katika namna ya kwanza siku huamuliwa na kazi yenyewe: Debian, mradi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao hata leo huendeshwa na watu wa kujitolea wa mataifa mengi, hutoa toleo lake likiwa tayari na si kabla, nalo kwa desturi huwa tayari kila baada ya miaka miwili hivi, kama la 12 lililotoka Juni 2023 na la 13 lililotoka Agosti 2025. Katika namna ya pili siku huamuliwa na kalenda, na kazi iliyochelewa huachwa ingoje safari ijayo, kama abiria aliyeachwa na basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam. Katika namna ya tatu hakuna siku kabisa. Mabadiliko hutiririka mfululizo kama mto, na mwenye mashine hunywa kadiri yanavyomfikia, ndivyo ilivyo Arch Linux, na ndivyo vinavyokaribia kuwa vivinjari vya intaneti, kwa kuwa Firefox hutoa toleo jipya kila baada ya majuma manne.

Mfano ulio bayana wa namna ya pili ni Ubuntu, mfumo endeshi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao jina lake Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwa kuwa ni utu uleule kwa lafudhi ya kusini. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, likaitwa 4.10 kwa mwaka na mwezi wake, na tangu siku hizo Aprili na Oktoba hazipiti bila ya toleo, isipokuwa mara moja: mwaka 2006 toleo la Aprili liliahirishwa kwa majuma sita likatoka Juni, likaitwa 6.06, kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza kupewa matunzo ya muda mrefu, na waliolitoa waliona kwamba ahadi ndefu haifai kutolewa kwa haraka. Siku hizi mpango ni huu: kila miaka miwili, mwezi Aprili, hutoka toleo la matunzo marefu linaloahidiwa miaka mitano, na kati ya hayo hutoka mengine matatu ambayo kila moja hutunzwa miezi tisa tu. Matatu hayo si mabaya. Ni mahali pa kujaribia, na ajuaye kujaribu huyafurahia. Lakini mwenye kuyaweka katika mashine ya kazi, akadhani amepata kilicho bora kwa kuwa ni kipya, atakuwa amepanga chumba cha miezi tisa na kuhamia pamoja na kabati zake zote.

Yafaa hapa tueleze matunzo yenyewe ni nini, maana wengi hudhani ni kuongezewa mambo mapya. La, hasha. Mtunzaji wa toleo la muhula mrefu hufanya kazi isiyoonekana: kasoro ikigunduliwa, huichukua dawa iliyopatikana katika toleo jipya, akaipunguza mpaka ikatosha, akaipachika katika toleo la kale pasipo kubadili umbo lake, ili karani aliyezoea kitufe fulani mahali fulani akikute palepale kesho na kesho kutwa. Sifa yake ni kwamba hakuna kilichobadilika. Na kwa kuwa kisichobadilika hakisifiwi na mtu, kazi hii ina shukrani chache kuliko zote katika ufundi wa kompyuta, ilhali ndiyo inayozuia ofisi zisisimame.

Muhula ukiisha, mashine haizimiki, na hilo ndilo huwahadaa watu. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Na Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika nyongeza ya mwaka mmoja. Asubuhi ya tarehe 15 kompyuta za Songea ziliwaka kama zilivyowaka juzi yake, barua zikachapwa, picha za pasipoti zikakatwa, na mtu asiyejua tarehe hiyo hakuona alama yoyote katika kioo chake. Mwalimu yule, akienda duka la dawa, hapokei chupa kabla ya kuigeuza na kusoma siku ya mwisho wa kutumika. Kwa kompyuta hakuna mahali pa kugeuza.

Ila kuna funzo jingine, nalo ni zito kuliko la kwanza. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani kwa siku moja, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na miongoni mwa waliodhurika zilikuwamo hospitali za umma za Uingereza ambazo zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Wengi walisema kosa ni la Windows XP iliyokwisha muhula; lakini mashine nyingi zilizodhurika zilikuwa za Windows 7, ambayo siku hiyo ilikuwa ingali chini ya matunzo, na kiraka chake kilikwisha kutolewa tangu katikati ya Machi, takriban miezi miwili kabla. Dawa ilikuwapo, haikunywewa. Basi toleo lenye muhula lisilopokea viraka na toleo lisilo na muhula ni ndugu wa tumbo moja, na hapa ndipo mambo yetu yanapoingia, kwa sababu katika miji yetu kiraka huzuiwa na vitu viwili: bando, ambalo mwenyewe hulihurumia asilimalize kwa kitu asichokiona, na flashi ya fundi, ambayo mara nyingi imebeba nakala iliyovunjwa kufuli na kuzimiwa masasisho makusudi isije ikajulikana. Mwenye kupigiwa nakala ya namna hiyo amepewa toleo jipya lenye muhula wa siku sifuri.

Haifai hata hivyo mtu adhani kwamba kila sasisho ni rehema. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kosa la kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike liliangusha mashine zipatazo milioni 8.5 kwa asubuhi moja, na viwanja vya ndege katika mabara kadhaa vikarudi kuandika kwa mkono. Wenye busara hutofautisha kiraka cha usalama, ambacho hupokelewa mapema, na toleo zima jipya, ambalo hungojwa. Nao waangalizi wa Ubuntu wameuweka ungojaji huo katika kanuni, maana aliye katika toleo la matunzo marefu haitwi kuhamia lijalo siku linapotoka Aprili, bali huitwa baada ya toleo la marekebisho ya kwanza, kama 24.04.1 la Agosti 2024, ambapo makosa ya mwanzo yamekwisha kuonwa na waliotangulia.

Na ahadi, je, hutimizwa? Mara nyingi, lakini si lazima. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, mfumo wa seva ambao wengi waliusakinisha kwa kutumaini matunzo hadi mwaka 2029, ungeachwa tarehe 31 Desemba 2021. Miaka zaidi ya saba ilifutwa kwa tangazo moja, na waliopanga mashine zao kwa tarehe ile ya kwanza walijikuta njiani bila ya gari. Kwa hiyo haitoshi kuuliza muhula ni wa miaka mingapi. Sharti tuulize pia ni wa nani, analipwa na nani, na akichoka yupo mwingine wa kuipokea kazi au hayupo. Programu huria ina fadhila yake hapa, kwa kuwa maandishi yake hayafungiwi kabatini, na katika kisa hicho waliibuka watu walioanzisha Rocky Linux na AlmaLinux kuwa mbadala. Lakini fadhila hiyo haimfikii asiyekuwa na mtu wa kumhamisha.

Sisi wenye lugha hii tumepata kuyaona hayo ndani ya nyumba yetu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, uliitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili katika menyu zake, na kwa mara ya kwanza karani aliweza kuhifadhi faili kwa lugha aliyoombea chakula utotoni. Kazi ilikuwa kubwa: maelfu ya maneno na sentensi yalitafsiriwa, na istilahi zikasuluhishwa moja moja. Tafsiri ile ilifungwa katika OpenOffice 1.1, lakini Oktoba 2005, kabla ya mwaka kutimia, OpenOffice yenyewe ikatoa toleo la 2.0 lenye menyu nyingine na sentensi nyingine, na mwaka 2010 ukoo ukagawanyika, LibreOffice ikachukua njia yake na kuanza kutoa toleo kila baada ya miezi sita. Tafsiri ya kitabu hukaa, maana kitabu kimekaa. Tafsiri ya programu ni shamba: msimu usipolimwa, magugu ya lugha nyingine huota katikati ya safu, hapa kitufe kimoja cha Kiingereza, pale ujumbe mzima, mpaka msomaji akachoka na kubadili lugha. Tuliisherehekea siku ya kutoa kuliko tulivyoigharamia miaka ya kutunza, na tabia hiyo, nadhani, ndiyo ileile ya kuulizana window ipi bila ya kuulizana mpaka lini.

Tukija katika usakinishaji, ikhtiari ni nyingi, lakini Songea yenyewe hupunguza nyingine. Mpaka mwaka 2018, njia kuu ya umeme kutoka Makambako ilipofika, mji ulitegemea kwa kiasi kikubwa majenereta ya mafuta, na mafundi wa siku zile walijifunza kwa machungu kwamba usakinishaji uliokatizwa katikati huacha mashine isiyokuwa hai wala maiti. Hata leo mwenye hadhari haianzi kazi hiyo kwa umeme wa ukutani peke yake kama betri ya mashine imekufa. Intaneti nayo ina tabia zake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania nzima ilikaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua, na aliyekuwa katikati ya kupakua alibaki na nusu faili.

Kwa hiyo faili la usakinishaji tulipime kwa kile linachotaka baadaye pia. Faili dogo la Debian huwa chini ya GB 1, nalo humvutia mwenye bando dogo, lakini udogo wake ni wa hadaa, kwani sehemu kubwa ya mfumo huichukua mtandaoni wakati wa kusakinisha. Faili la Ubuntu 24.04 la mezani hukaribia GB 6, lakini likishapakuliwa mara moja usiku hutumika kwa kompyuta kumi bila ya kugusa bando tena. Wazee wa ufundi huu wanakumbuka kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watengenezaji wa Ubuntu waliituma kwa posta, bure, katika santuri za CD, kwa yeyote aliyeomba. Barua ilikwenda polepole, lakini ilifika kamili, na ukamilifu ndio unaohitajiwa.

Ikhtiari nyingine ni ya kiasi. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, na Windows 11 hudai kidude cha usalama pamoja na kichakataji cha takriban mwaka 2018 kuja huku. Mafundi wanazijua njia za kuuzunguka ukaguzi huo, lakini Microsoft haithibitishi kwamba mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma itapewa viraka siku zote. Kwa mashine kama hizo zipo Xubuntu na Lubuntu, jamaa wepesi wa Ubuntu, ila mwenye kuzichagua akumbuke kwamba matoleo yao ya matunzo marefu huahidiwa miaka mitatu badala ya mitano; wepesi umenunuliwa kwa muhula. Na mashine kongwe zaidi, zile za biti 32, zimekaribia kukosa makao, kwa kuwa hata Debian, iliyozivumilia kuliko wengi, haikutoa kisakinishi kwa ajili yazo katika toleo la 13. Mwenye shaka aweza kuuendesha mfumo kutoka katika flashi pasipo kugusa diski, au kuziweka Windows na Linux katika diski moja azoee taratibu. Na apendaye usingizi hutenga sehemu ya diski kwa mafaili yake, ili siku ya kubadili mfumo kazi zake zisihamishwe, baada ya kuzifanyia nakala ya akiba mahali pengine.

Ipo pia njia ya kuukimbia mzigo wote, nayo ni kuweka programu katika seva moja na kuwaachia watu vivinjari. Ndivyo zinavyokusanywa takwimu za afya nchini kwa DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na kulelewa hapa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mwandishi wa takwimu aliye Songea hasakinishi chochote, na toleo hubadilishwa mahali pamoja kwa wote. Lakini mzigo haukutoweka, umehama. Kule kwenye seva waangalizi hukimbizana na muhula, kwa kuwa matoleo yanayotunzwa ni yale matatu ya mwisho, na huku kwa mwandishi kivinjari kilichozeeka, kilichoko katika Windows iliyoachwa, siku moja hukataa kufungua ukurasa.

Hayo yote yakipimwa, nina rai moja, nayo ni kwamba kalenda iliyotungwa London na watu wa Ubuntu, au Redmond na Microsoft, tuiwekee kalenda yetu juu yake. Tuchukue maabara ya kompyuta ya shule. Toleo la Ubuntu la Aprili 2024 lilipata marekebisho ya kwanza Agosti; lakini Agosti si wakati wa kugusa maabara, kwa kuwa Kidato cha Nne wana mtihani Novemba. Desemba wanafunzi wamekwenda likizo, chumba ni kimya, na flashi moja inatosha mashine zote. Mashine moja ifanywe ghala la viraka, ivichukue usiku mara moja, na nyingine zivipokee kwake kwa waya wa chumbani, bando lisiliwe mara ishirini kwa kitu kimoja. Mwanafunzi aliyeingia Kidato cha Kwanza Januari 2025 atamaliza Kidato cha Nne Novemba 2028, na toleo lile litakuwa lingali chini ya matunzo hadi 2029: miaka yake minne yote, menyu ileile, kitufe palepale, mlango umefungwa. Toleo la miezi tisa lisingemfikisha hata mwisho wa mwaka wa kwanza wa masomo.

Mwalimu wa Mfaranyaki alipigiwa kumi, kwa sababu mashine yake haikuikubali kumi na moja. Alilipa, akashukuru, akaifunga kompyuta taratibu kwa hofu ya bawaba. Fundi hakumwambia kwamba muhula wa alichopewa umekwisha, wala simlaumu, kwa kuwa hakuulizwa. Lakini kalamu ilikuwapo mezani, na plasta ile ilikuwa nyeupe, yenye nafasi ya kutosha jina la toleo na mwaka mmoja.